Mkono Unaosema Teremsha

4 Machi
Leo ni mwaka mmoja, miezi mitano na juma moja tangu niondoke.

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani nayo nzima, maana mmoja wenu akiugua mwingine halali. Nisalimie wote wanaoniulizia. Wasioniulizia nao wasalimie, wajue nipo.

Kazi ni ileile. Jengo limefika ghorofa ya sita. Mimi nasimama juu ukingoni, na mwendesha winchi yuko chini kabisa. Kwa kelele za mashine hasikii sauti yangu, anaona mkono tu. Kidole kikizungushwa juu, anapandisha ndoo ya zege. Nikikunja ngumi, anasimamisha. Kiganja kikitazama chini na kupigapiga hewa, anateremsha. Basi hiyo ndiyo kazi niliyosafiri siku tatu kuja kuifanya: kuzungumza kwa mkono na mtu tunayemwita Bubu kwa sababu hajui kunyamaza.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ile ndoo ilinigusa kichwa kidogo. Nikapumzika, sasa nimerudi kazini. Usihangaike na jambo hilo, nimelitaja tu ili lisije likakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine likiwa limenenepa.

Mwandiko umeharibika kwa sababu meza ya hapa ina miguu mitatu, inayumba.

Je, Vifungo bado anakaa kwenye kile kiti cha dirishani akikushonea matundu ya vifungo, au amempata mwanamume wa karibu? Mwambie ahadi yangu iko palepale. Jengo likiisha nakuja tuoane. Ghorofa ni tisa. Ahesabu mwenyewe.

Ni mimi mwanao.


28 Machi

Kwa mtu anayejiita mwanangu,

Marahaba, kama inakuhusu.

Sisi huku hatujambo. Jirani wa upande wa kushoto amejenga ukuta, wa kulia amebomoa wake, kwa hiyo upepo ni uleule. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya wateja, na wateja wanasubiri.

Sasa tuje kwako. Mwandiko wa mtoto wa kaka yangu naujua. Nilimlea tangu baba yake alipofariki, na herufi yake ya kwanza aliiandika huku nimemshika mkono. Herufi zake zinalalia kulia, kama mtu anayewahi kazini. Zako zinalalia kushoto, kama mtu anayerudishwa nyumbani. Halafu meza ya miguu mitatu haiyumbi, muulize fundi yeyote. Inayoyumba ni ya miguu minne. Hata uongo wako haukupimwa.

Nimewahi kusikia habari za vibarua waliofia mbali, wenzao wakaendelea kuwaandikia wazee wao ili wasilie. Kama umefanya hivyo kwa huruma, nakushukuru, lakini nataka kulia kwa wakati wake. Na kama wewe ni mwizi wa barua, hapa utaiba paka.

Kama ndiwe kweli, nijibu hili: siku ya kwanza nilipokuachia cherehani peke yako, ulishona nini? Usinipigie hadithi. Jibu.

Shangazi, mpaka hapo itakapothibitika.


9 Mei
Mwaka mmoja, miezi saba na siku kumi na tatu.

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilishona mkono wa shati langu, mimi nikiwa ndani yake, kwenye suruali ya karani wa posta. Ulikuwa umeniambia nisikate uzi bila ruhusa yako, kwa hiyo nikakaa nikikusubiri. Karani akaja akiwa na haraka, akanyakua suruali yake, akanikokota nayo mpaka mlangoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Je, nimefaulu?

Halafu, Shangazi, na mwandiko wako? Zamani herufi zako zilirukaruka kama kuku walioona kicheche. Sasa zimenyooka kama mstari wa chaki. Umepata miwani?

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta uongo mwingine, nikaukosa. Kweli yenyewe ni hii. Ndoo haikunigusa kidogo. Waya wa winchi ulikuwa umechakaa, ukateleza, ndoo ikayumba ikanipiga hapa juu ya sikio. Nililala hospitali siku kumi na moja, na za mwanzo sina habari nazo. Nikatoka, nikajiona nimepona. Wiki tatu baadaye, nikiwa nakunywa chai, mkono wa kulia ukainuka wenyewe, kiganja kikatazama chini, ukaanza kupigapiga hewa. Mara tatu, unapumzika, mara tatu tena. Teremsha, teremsha, teremsha. Tangu siku hiyo haujaacha. Nikilala nao unalala. Nikiogopa unakimbia. Nikishika kitu kizito unatulia. Nikashika nusu tofali siku nzima, raha kabisa, lakini hebu jaribu kuingia ofisini kwa meneja na nusu tofali mkononi.

Nilirudi kwa daktari. Akasema, "Si kifafa, si woga wala si kichaa. Ubongo ukigongwa, wakati mwingine hautoi jibu siku ileile. Unakaa, halafu mwendo mmoja unakwama, kama santuri iliyochunika."

Nikamuuliza, "Kwa nini mwendo huu, daktari?"

"Ulikuwa unaufanya mara ngapi kwa siku?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Ubongo wako ulihesabu." Akanipa vidonge vya kunilaza, kwa hiyo napona vizuri sana nikiwa usingizini. Akasema huenda ukapungua, huenda usipungue.

Kazini hawajui, ila Bubu. Yeye aliona ndoo inaitwa chini ilhali iko chini tayari. Akapanda ngazi zote sita, akifika hana pumzi, akasema, "Ndugu yangu, kuanzia leo mkono wako wa kulia siusikii. Wa kushoto ndio kazi. Wa kulia unisalimie tu." Tunaenda hivyo. Nao huo wa kushoto ndio unaokuandikia.

Wakijua watanirudisha bila jengo wala ahadi. Tafadhali Shangazi, Vifungo asijue. Alimkubali mtu mwenye mikono miwili inayomtii. Akishajua, huruma itamfunga, nami sitaki kuoa huruma.

Mwanao, sasa imethibitika.


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mara tatu, halafu napumzika, halafu mara tatu tena. Ukinuna, ujue nimelia kwanza ndipo nikatania.

Umefaulu. Ila hukusema kwamba suruali ilichanika na mimi ndiye niliyeishona upya bure.

Paka amekwisha kuhamishwa. Ukuta wa jirani umepata ufa. Kodi ya chumba cha cherehani nimelipa. Miwani iache, hiyo ni habari ya wazee.

Kuhusu mkono. Mguu wangu huu umekanyaga cherehani miaka thelathini na mbili. Sasa hata nikila unakanyaga chini ya meza, na wageni wanadhani nawafukuza. Sisemi ni ugonjwa mmoja. Wa kwangu nikiukemea unasikia, wako hausikii, hiyo tofauti naiona. Nasema tu kwamba katika nyumba hii hutakuwa wa kwanza kuwa na kiungo chenye mambo yake.

Vifungo sijamwambia neno. Naapa kwa sindano zangu zote, kinywa changu hakikumtamkia hata herufi moja. Yeye hajambo. Siku barua yako ilipofika alijichoma kidole mara mbili, lakini hilo ni suala la sindano.

Ninachouliza mimi ni huo waya. Uliokupiga ndio unaopandisha ndoo hadi leo?

Shangazi yako.


17 Julai
Mwaka mmoja, miezi tisa na majuma matatu.

Shangazi,

Shikamoo. Jengo limefika ghorofa ya saba. Maji ya kuoga sasa yanatoka asubuhi na jioni, na Bubu amepata jino la bandia, kwa hiyo anaongea na kupiga mluzi kwa pamoja.

Swali lako la waya lilitukuta tayari tumo ndani yake. Ndio uleule. Waliufunga kiraka wakaupaka grisi. Mwezi uliopita watu wakasema basi, tumechoka, kesho hatupandi mpaka waje na waya mpya. Tukakusanyika uwanjani, vibarua wote, na meneja akaja na nyapara wake. Wakaniambia mimi ndiye nianze kusema, kwa kuwa waya ulinipiga mimi. "Simama, onyesha kovu!"

Nikasimama. Shangazi, sijawahi kuzungumza mbele ya watu wengi hivyo. Nikaogopa, na nikiogopa unajua kinachotokea. Kabla sijafungua mdomo mkono ukainuka. Kiganja chini, taratibu, mara tatu. Watu wa mbele wakakaa. Wa nyuma walipoona wa mbele wamekaa, nao wakakaa. Mmoja alikuwa bado anapiga kelele, wakamvuta shati: "Keti, mwenyewe aliyeumia anasema tutulie." Nikajaribu kuukamata kwa mkono wa kushoto, ikawa kama nimeweka viganja pamoja kuwasihi. Mzee mmoja akafuta machozi.

Meneja hakukosa nafasi. Akasema, "Mnaona? Huyu ndiye mtu mwenye haki ya kukasirika kuliko ninyi nyote." Akaahidi kuliangalia suala la waya. Watu wakarudi kazini wakisema kumbe maumivu yanampa mtu busara.

Siku ya pili nikaitwa ofisini. Nimepewa kiti langoni, kazi ya kuandika magari yanayoingia, na kofia yenye nembo ya kampuni. Nafanya kazi nimekaa. Madereva wananipenda sana, kila anayefika namwonyesha apunguze mwendo. Meneja anasema tangu nikae hapa hakuna gari lililogonga nguzo.

Ningeweza kusema siku ile ile. Nilikuwa na mdomo. Lakini kiti ni kizuri, Shangazi, na mgongo umechoka. Waya bado wanauangalia.

Vifungo anasemaje?

Mwanao.


2 Agosti

Mwanangu,

Hatujambo. Barua yako nimesomewa, yaani nimeisoma, mara mbili.

Hongera kwa kofia. Wamekuvika kwenye kichwa kilekile walichokipasua, kwa hiyo wanajua kipimo chako.

Mimi sikushauri. Nilikufundisha kushona, sikukufundisha kuishi, labda hapo ndipo nilipokosea. Ila nguo yenye kiraka cha grisi sijawahi kumpa mteja nikamwambia avae.

Aliyeshika nafasi yako kule juu ana shangazi?

Habari nyingine sina. Vifungo hajasema kitu.


12 Oktoba
Miaka miwili na siku kumi na sita.

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, nimekaa nayo muda mrefu.

Ana mama. Nilimuuliza. Ni mtu mpole, tunamwita Mgeni, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuajiriwa. Nilimfundisha mimi ishara zote kabla sijaenda langoni.

Tarehe mbili, saa nne asubuhi, nilikuwa kitini naandika namba ya gari la mchanga. Nikasikia mlio kama wa kamba ya gitaa inayokatika. Nyuzi za waya zilikuwa zinaachana moja moja. Bubu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Ndoo ikasimama juu ya kofia ya Mgeni, kiasi cha mkono mmoja hivi, ikabaki inazungukazunguka. Mgeni alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bubu hakusema kitu. Alinyamaza mpaka jioni.

Kesho yake tukakusanyika tena. Meneja akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, "Mzee wa busara, tusaidie." Mkono ulishaanza. Nikaona watu wa mbele wanaanza kuinama wakae. Nikamwita Bubu: "Njoo unishikie mkono huu." Akaja, akaukumbatia kama anayebeba kuku sokoni.

Nikasema, "Msikae. Ule mkono wa siku ile haukuwa unasema nanyi. Haukuwa unasema na mtu yeyote. Ni ugonjwa, nimeupata kwa waya huu huu. Mimi siku ile nilisimama niwaambie tusipande. Mkono ukawahi, nami nikanyamaza, nikapewa kiti. Leo nasema kwa mdomo: tusipande."

Yule mzee aliyefuta machozi akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii tumetii nini, mshipa?"

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Mimi pia nikacheka, na mkono ukimpigapiga Bubu kifuani, naye analalamika, "Nishateremka, ndugu, nishateremka!" Halafu kicheko kikaisha, na hakuna aliyepanda. Siku nne. Siku ya tano waya mpya ukaja, unang'aa kama kijiko cha wageni. Mgeni ndiye aliyezungusha kidole upande mara ya kwanza.

Meneja akaniita. Alikuwa na adabu kubwa. Akasema anaheshimu ukweli wangu, na kwa kuwa nimesema mwenyewe mbele ya watu kwamba ni mgonjwa, kampuni haiwezi kuendelea kumwajiri mgonjwa. Akaomba kofia. Nilipomweleza kwamba cheti cha hospitali wanacho tangu mwezi wa pili, akasema kiko kwenye faili, na faili lao hawalifungui ovyo ovyo. Daktari ameniandikia barua nyingine, Bubu ameipeleka kwa wanaoshughulikia vibarua walioumia. Wamesema wataiangalia. Mle ofisini nilikuwa bado naonyesha teremsha, teremsha, na meneja akaghadhibika: "Usiniambie nitulie!"

Sasa mwambie Vifungo yote. Mwambie jengo limefika ghorofa ya nane na mimi sitaiona ya tisa. Ahadi namrudishia. Asinihurumie, ila asinicheke pia, kama ataweza. Nitasubiri jibu lako ndipo nijue ninarudi kwa nani.

Mwanao.


3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hapa chini unakanyaga kwa furaha na siukemei.

Umeniuliza habari ya miwani. Miwani haisaidii. Macho yangu yameingia ukungu, tangu mwaka jana sioni tundu la sindano, sikuoni hata wewe kwenye picha. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja. Barua zako nasomewa, na hizi zangu naandikiwa. Nilikuapia kwamba sijamwambia Vifungo neno, na kiapo hicho sijakivunja. Nimwambie nini, wakati yeye ndiye anayenisomea?

Usikasirike. Ile ya kwanza, ni yeye aliyesema, "Shangazi, mwandiko huu si wake." Mimi niliona karatasi nyeupe tu.

Sasa namwachia kalamu, maana nasikia anaipumulia.

*

Ni mimi. Nimesoma zote, na zote nimeziandika, hata ile ya kofia. Hiyo ya kofia Shangazi alisema maneno manne tu, mengine niliongeza mwenyewe.

Kwa hiyo nimejua tangu mwezi wa tano, na niko kwenye kiti kilekile. Huruma ilikuja, ikakaa kama wiki mbili, nikashindwa kuilisha, ikaondoka. Kilichobaki ni hasira ya kile kiti cha langoni, nayo iliisha juzi niliposoma ulivyosema msikae.

Ahadi uliyonirudishia nimeipima, hainibani popote. Nimebaki nayo.

Umesema mkono hutulia ukishika kitu kizito. Pasi ya Shangazi ni ya mkaa, ni ya chuma tupu, hakuna hapa anayeweza kuipiga kwa zaidi ya nusu saa. Nguo za wateja zinasubiri. Sikuahidi kwamba itafaa. Tutajaribu, na isipofaa utakaa karibu na wateja wagomvi.


25 Novemba
Miaka miwili na miezi miwili kasoro siku moja.

Kwa Shangazi, na kwa mwandishi wake,

Shikamoo, Shangazi. Na wewe wa pili sijui nikusalimie vipi, baada ya kuomba mwenyewe kwamba usijue.

Niliisoma barua yenu kwenye ngazi. Bubu akaniuliza, "Habari mbaya? Mkono unakimbia sana." Nikamwambia si woga pekee unaoukimbiza, hilo hata daktari hakuniambia. Amenipa lile nusu tofali langu nisafiri nalo. Amelifunga kwenye gazeti kama zawadi, na anadai atanisindikiza mpaka stendi ili anyamaze huko.

Ubongo wangu haujanirudishia kila kitu, na huu mkono huenda nitazeeka nao. Nawaambia mapema ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Jambo moja la mwisho. Nikishuka nitakuwa nimechoka, na watu watakuwa wengi, na huenda begi nimeliweka chini. Mtaona mkono wa kulia umeinuka unasema tulieni, kaeni hapo hapo, polepole. Msiutii. Ninyi njooni tu.

Nafika tarehe kumi na nne Desemba, basi la mchana.